Mwanaume Mwenye Hatua Fupi

Nyasi zikikatwa zikakaa juani siku mbili tatu, hutoa harufu kama ya chai iliyochemshwa ikasahauliwa jikoni. Kwetu milimani harufu hiyo ni ya mwezi wa tatu, na ukiisikia unajua kuna mtu analaza nyasi shambani. Asubuhi ile niliisikia nikiwa bado kwenye kona ya njia, mwanangu Titus mgongoni, jembe begani. Nikajiuliza, nani analaza kwetu? Maana anayelaza kwetu ni mimi, na mimi nilikuwa njiani.

Nilipopanda kidogo nikamwona. Festo, mpwa wa mwenyekiti wa kijiji, kijana mwenye mabega na asiye na haya, alikuwa ameshalaza mistari yote ya juu ya shamba la bibi yangu. Hata hakusimamisha kazi. "Dada Skola, usinitazame hivyo," alisema. "Kamati imenigawia. Wamesema hapa hapana mwanaume wa kulaza."

Nilikuwa nimevumilia maneno ya kamati tangu mvua zianze. Walisema bibi amezeeka, shamba kubwa la nini. Nikaendelea kulima. Walisema mume wangu, ambaye kwao ni Chiwanda, kule ziwani, na kazi yake ni ukarani wa mizigo bandarini Mbamba Bay, hawezi kulima mlima kwa kutuma samaki wakavu kila mwisho wa mwezi. Nikacheka pamoja nao, maana samaki wenyewe walikuwa wanawala. Lakini kumkuta mtu mzima anatandaza nyasi juu ya chakula cha bibi yangu kana kwamba anatandika kitanda chake, hapo uvumilivu uliniishia. Sikupiga kelele. Nilitembea mpaka mbele ya mstari wake, nikakaa chini, nikamshusha Titus nikaanza kumnyonyesha.

"Laza, kaka," nilimwambia. "Ukifika hapa unipitie juu."

Hakunipitia juu. Alisimama na fungu lake mkononi, akatazama pembeni, akatazama juu, akasema wanawake mliosoma mna tabu, kisha akashuka kumtafuta mjomba wake. Mimi nikabaki palepale katikati ya harufu ile, mtoto akinyonya, na ndipo ikanirudia habari ya nilipokuwa darasa la sita. Nataka niwape hiyo kwanza, maana bila hiyo mtaona nilikwenda mpaka Mbinga mjini kushtaki jambo ambalo wengine wangelimaliza kwa kuku mmoja.

Kwa msiofahamu mlima wetu: mteremko ni mkali kiasi kwamba boga likikuponyoka utalifuata mtoni. Kwa hiyo hatulimi kama watu wa bondeni. Mwanaume hukata nyasi kwa nyengo, panga letu lenye ncha iliyopinda, huziacha zikauke, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana, ukitazama kwa mbali utadhani mtu ametandaza madirisha makubwa mlimani. Mwanamke huja na jembe, huchimba udongo katikati ya kila dirisha na kuzifukia nyasi. Hubaki shimo na kingo zake. Juu ya kingo tunapanda maharage, na baadaye mahindi. Mvua ikinyesha, maji hukaa shimoni, udongo haukimbii. Hizo ndizo ngoro. Na upana wa shimo haupimwi kwa kamba. Mlazaji hupima kwa hatua yake mwenyewe. Mtu mrefu mashimo yake mapana, mfupi yake madogo. Wazee wa kwetu husimama ng'ambo ya bonde wakakutajia nani kalaza wapi, kama karani anavyoujua mwandiko wa mtu.

Kulaza ni kazi ya mwanaume, kufukia ni ya mwanamke. Hakuna mahali palipoandikwa, ila ukiuliza kwa nini, utatazamwa kama umeuliza kwa nini jogoo hatagi.

Nililelewa na bibi yangu, Bibi Walburga, mama wa mama yangu, kwa sababu shule ilikuwa karibu na kwake. Nchi ilikuwa changa na ujamaa ulikuwa mpya kabisa. Tuliimba habari zake asubuhi tukitetemeka kwa baridi, na pumzi zetu zikitoka mdomoni kama moshi. Mwalimu wetu wa siasa na historia alikuwa Mwalimu Mbwana, Mwislamu kutoka upande wa Korogwe, mmoja wa wale waliopangiwa mbali na kwao ili Watanzania tujuane. Alivaa soksi ndefu na sweta mbili, na ukungu wetu aliuogopa kama watu wengine wanavyoogopa chui.

Siku moja aliingia darasani akatuambia, "Huko kwetu babu zenu wote walikuwa Wangoni."

Darasa likanung'unika. Sisi Wamatengo, na nyuma walikaa Wanyasa waliopanda kutoka ziwani wakakaa kwa ndugu zao ili wasome.

"Nung'unikeni tu. Ukishuka kwenye lori la kutoka Songea, wewe Mngoni. Hata ulilie kabila lako, Mngoni."

"Na ninyi wenyeji mlikuwa nani, mwalimu?" Leokadia aliuliza, msichana niliyekaa naye dawati moja, ambaye alichapwa sana kwa mdomo wake.

"Sisi tulikuwa wenye minazi. Babu yako alikuwa anaitikisa, akidhani nazi huanguka kama maembe."

Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akagonga ukuta. Kisha Mwalimu Mbwana akakaa kwenye pembe ya meza, na sauti yake ikabadilika. Alisema amekua akiwaona manamba. Walipita mbele ya nyumba yao kabla jua halijatoka, visu vya mkonge mkononi, vibati vya namba shingoni, wakikohoa. Yeye akiwa mtoto hakuwahi kujua kwao ni wapi. Sasa Serikali imemleta hukohuko kwao, na hataondoka bila kujua. Akatupa kazi. Kila mtoto atafute mzee aliyekwenda katani, amwulize, aandike. Maswali akayaandika ubaoni: Walisafirije? Walilala wapi? Walikula nini? Waliumwa nini? Siku ya wazazi, insha zitakazokuwa nzuri zitasomwa mbele ya bwana elimu.

Leo mtu akisema anafanya utafiti, huja na gari. Sisi tulikwenda na ugoro. Bibi alinifungia kidogo kwenye jani la mgomba nikaupeleka kwa Mzee Ndunguru, jirani yetu wa upande wa chini, aliyekwenda Tanga pamoja na babu yangu. Nilipiga magoti, "Shikamoo babu." Akanusa kwanza, akapiga chafya, ndipo akaitikia marahaba.

Mzee Ndunguru alisema vizuri, na alisema kwa mpangilio, maana nilikuwa mtoto wa nne kumjia wiki ile. Walitembea kwa miguu mpaka Songea wakilala porini kwa zamu, mmoja akiuangalia moto. Lori likawabeba wakiwa wima kama mizigo ya tumbaku. Kule walipewa kibati chenye namba, na tangu siku hiyo hakuna aliyewaita kwa jina ila wao kwa wao. Mkonge una mwiba kwenye ncha, na mwiba ule hutafuta jicho. Maji ya mkonge huwasha ngozi mpaka mtu anajikuna usingizini. Chakula kilikuwa posho ya unga wenye wadudu na maharage magumu, na wao watu wa milimani, watu wa maharage, walilia waliposhindwa kuyaivisha. Alinionyesha mikono. Makovu yake yalikuwa meupe, mafupi, yamejipanga kama mishono ya fundi.

Baadaye, alisema, ikaja shida ambayo wao hawakuielewa. Huko kwa Wazungu biashara iliharibika, mkonge ukakosa wa kuununua, na wengine wakaambiwa warudi kwao bila lori. Yeye alikuwa mmoja wao. Alirudi kwa miguu, Tanga mpaka hapa, akiomba vibarua njiani, na babu yangu akabaki kwa sababu alikuwa na nguvu zaidi.

Niliandika yote. Nilikuwa nimeshamaliza maswali ya ubaoni, nikainuka, na ndipo nikauliza lile ambalo halikuwepo. Sikuuliza kwa akili nyingi. Nilimwona mke wake anapepeta maharage uani, basi.

"Babu, mlipokuwa huko, nyasi zenu huku nani alilaza?"

Mzee alinusa tena. Safari hii hakupiga chafya.

"Muulize bibi yako," alisema. "Na ukimwuliza, mimi sikusema kitu."

Bibi nilimkuta shambani, na hakujibu mpaka alipomaliza kufukia ngoro aliyokuwa ndani yake. Kisha akanisimamisha kwenye ukingo akaniambia nitazame kushoto, shamba la jirani, halafu nitazame letu. Nilikuwa nimelima pale tangu nijue kushika jembe, lakini sikuwahi kulinganisha. Mashimo ya jirani yalikuwa mapana, mtu angeweza kulala ndani akajinyoosha. Yetu yalikuwa madogo, yamebanana kama mayai kwenye kikapu. Mlima mzima ulikuwa wa wanaume, na katikati yake kipande kimoja cha mwanamke, mchana kweupe, na mimi nilidhani ni udongo tu ulivyo.

Alinisimulia tukiwa tumekaa ukingoni, miguu ndani ya shimo. Mwaka babu alipoondoka, waliondoka wengi kwa pamoja, kila aliyekosa kodi ya kichwa. Nyasi zilikuwa zimeota kupita kichwa cha mtu. Mashemeji walisema watakuja kuzilaza kesho, na kesho yao ilikuwa ndefu, maana kila mmoja alikuwa na mashamba yake. Wakati wa kupanda maharage ukawa unapita. Bibi alikuwa na mimba ya mama yangu. Alfajiri moja, ukungu ukiwa umeziba bonde lote, alichukua nyengo ya mumewe akakata. Nyasi zilipokauka akazilaza, katika ukungu huohuo. Mke wa Ndunguru akamgundua. Badala ya kumtangaza, akamwambia, "Nilazie na kwangu, nami nitakufukia, hilo tumbo halikuruhusu kuchimba." Akaja mwingine. Akaja mwingine.

Siku ukungu ulipoinuka, wanaume waliobaki walisimama ng'ambo ya bonde wakasoma mlima kama walivyozoea. Wakaona mashamba ya manamba yote yamelazwa. Na yote yamelazwa na mtu mmoja, mwanaume mwenye hatua fupi.

Sasa nifikirieni na ninyi. Wake za watu waliosafiri, na kila shamba lina mkono wa mwanaume yuleyule. Kwa watu wa kwetu hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo. Ukikuta kofia ya mwanaume mlangoni kwa mwanamke unaweza kusema ameisahau. Nyasi zilizolazwa hakuna anayezisahau shambani kwa bahati mbaya.

Sengu ikaitishwa. Sengu ni wanaume wa ukoo, wanaokula pamoja kwa mzee wao na kumaliza mashauri palepale wanapokula. Walianza kuwapanga wanaume wote wafupi. Wengi walikuwa katani. Akabaki katekista, mtu mpole, mfupi, aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwafundisha wanawake sala za kuwaombea waume zao. Walimwita, wakamtembeza kwenye mistari ya shamba la Ndunguru, hatua yake ikaingia sawasawa kwenye kila dirisha.

Maskini, alikuwa mtu wa ziwani, wa mihogo na usipa, dagaa wa ziwani, hata hajui nyengo inashikwa upande gani. Alisema hivyo. Wakasema anajifanya. Alipiga magoti akaanza kusali kwa sauti, na hilo nalo likahesabiwa kuwa dalili. Mmoja alikuwa ameshakwenda kukata fimbo.

Hapo ndipo bibi alipotoka miongoni mwa wanawake waliokuwa wamesimama mbali, akasema, "Nimelaza mimi."

Walicheka. Mzee wao akasema mwanamke halazi. Bibi akasema huyu amelaza. Mzee akaamuru nyasi ziletwe, na akasema, "Laza, tuone."

Akalaza. Wao walikuwa wamekaa kwenye vigoda vyao. Alipomaliza mstari mmoja wakasema mwingine. Mmoja akawa anamfuata nyuma, anapima kwa nyayo zake, anarudi kuwaambia wenzake. Jua likapanda mpaka utosini. Walipotosheka wakatoa hukumu: shamba lake anaruhusiwa kulilaza mpaka mume atakaporudi; ya wengine ayaache, yasije yakawatia aibu wenyewe wakiwa safarini. Katekista hakuombwa radhi. Alishuka ziwani wiki ileile, na walimu wa dini wakawa shida kupatikana kwetu kwa muda mrefu.

Mimi nilicheka mpaka nikateleza shimoni. Katekista anatembezwa shambani kama fahali mnadani, akisali. Nilikuwa na umri wa kucheka hivyo. Bibi alinitazama, akatabasamu kidogo, akachukua jembe. Akaongeza tu kwamba babu aliporudi miaka ile, amekonda na anakohoa, msimu wa kwanza alilaza yeye. Hakusema neno kuhusu yaliyopita, lakini alifuata mistari ya bibi ya zamani. Alikuwa mtu mrefu. Ilibidi afupishe miguu shamba zima, anatembea kama aliyefungwa kamba.

Nikaandika insha. Mwalimu Mbwana akaisoma, akaniita mezani.

"Skola, mwandiko mzuri. Ila umetoka nje ya swali. Nimeuliza habari za manamba. Hii ni habari ya walioachwa."

"Mwalimu, wao huko walikuwa wanakula posho," nilisema. "Sisi huku tulikuwa tunakula nini?"

Nilitegemea kofi. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la sweta ya juu, akaivaa. Kesho yake alipoingia aliandika swali la tano ubaoni: Nani alibaki, na alifanya nini? Kila mtoto arudi nyumbani aanze upya. Darasa zima lilinichukia mpaka likizo. Leokadia alisema angeninyonga kwa mkanda wa gauni ila gauni lake halikuwa na mkanda. Lakini walirudi na mambo. Kulikuwa na mama aliyejifungua peke yake akapanda maharage kesho yake. Kulikuwa na wanawake wa ziwani ambao waume zao walipanda meli kwenda migodini kusini, wao wakajifunza kushona nyavu wenyewe. Mambo hayo yalikuwa yamekaa majikoni siku zote, yanapepetwa pamoja na maharage, na hakuna aliyeyaona kuwa ni historia.

Siku ya wazazi nilisoma mimi. Bwana elimu alikaa mbele na wazee waliokwenda katani, wamevaa makoti. Nilisoma kwa madaha, na sehemu ya katekista nilimwigiza hata hatua. Watu walilia kwa kicheko. Nilimalizia kwa sauti kubwa kwamba bibi yangu akawashinda wanaume wote wa sengu. Wanawake wakapiga vigelegele, na bibi akasukumwa na wenzake mpaka akasimama.

Mzee Ndunguru naye akasimama, hakuna aliyemwomba. Akasema, "Nilirudi na blanketi moja na kikohozi. Nikakuta maharage. Sikuuliza." Akakaa. Vigelegele vikazima kidogo, kisha bwana elimu akapiga makofi, nasi tukafuata.

Nilirudi nyumbani nikiruka. Bibi alikuwa nyuma yangu. Tulipofika mtoni akakaa kwenye jiwe kuosha miguu.

"Umesoma vizuri," alisema. "Uliandika kwamba wao walikuwa wamekaa?"

"Niliandika, bibi."

"Watu walicheka hapo?"

Nikasema ndiyo, walicheka sana. Akaosha na mguu wa pili. Nilimwona ana huzuni, nikadhani amechoka na kusimama. Nilikuwa nimempa ushindi mbele ya bwana elimu; nilidhani mtu akishinda anafurahi. Kwa miaka mingi, hata nilipokuwa sekondari, niliwasimulia wenzangu habari ile bwenini kama kichekesho, na kila mara niliimalizia palepale kwenye vigelegele.

Sasa nirudi kwa kamati. Siku tatu baada ya mimi kumkalia Festo mistari yake, tuliitwa kwenye ghala la kahawa. Wajumbe walikaa kwenye benchi. Bibi alikaa chini, mgongo ukutani, kwa sababu magoti yake hayapendi benchi. Nilieleza. Nilisema shamba lile ni la bibi tangu kabla ya kijiji kuandikishwa, kwamba tangu babu afariki alililaza yeye, na tangu mikono yake ikatae ninalilaza mimi, na hakuna msimu lililokaa bure. Nilisema vizuri. Kidato cha nne hakikupotea.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Nasema hivyo hata sasa. Akacheka kwa upole, kama baba.

"Skola, mwanangu, mbona tunagombana bure? Unasema unalaza mwenyewe. Sawa. Jumamosi njoo na nyengo yako, ulaze mistari miwili mitatu hapo, kamati ikae ikuone. Ukiweza, Festo tutamtafutia pengine."

Wanawake waliokuwa mlangoni wakaninong'oneza nikubali. Walijua ninaweza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema nitakuja, tena nitawalazia mpaka wasinzie. Nikamgeukia bibi, nikitegemea aniitikie kwa kichwa. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anaitazama miguu ya wajumbe, iliyojipanga chini ya benchi, na uso wake ulikuwa uleule wa mtoni.

Ndipo nikaelewa. Siku ile ya sengu hakushinda chochote. Alikuwa na mimba, alikuwa amelisha nusu ya mlima, na bado aliinama mbele ya watu waliokaa, mstari baada ya mstari, ili apewe ruhusa ya kufanya alichokuwa ameshakifanya. Na ruhusa ina mwenyewe. Aliyeitoa anaweza kuirudisha mfukoni, na mwanawe akairithi, ndiyo maana leo mjukuu naye anaambiwa alete nyengo. Mimi niliyadhani makofi yale ya siku ya wazazi ni heshima. Yalikuwa kicheko kilekile cha kwenye vigoda, kimeongezewa vigelegele, na aliyekileta shuleni ni mimi, nimevaa sare safi.

Nilifunga mdomo. Nikamwinua bibi. Nikamwambia mwenyekiti kwamba Jumamosi nitakuwa na shughuli Mbinga.

Nilipata nafasi kwenye lori la kahawa, Titus akilia njia nzima. Karani wa ofisi ya wilaya aliniuliza kama nimetumwa na mume wangu. Nilimwambia mume wangu yuko Mbamba Bay anapakia mizigo na mimi ninapakia huu, nikamsogezea barua. Akaipokea, akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Nakala ninayo. Maneno yake ni haya:

*Kwa Ndugu Mkuu wa Wilaya, Mbinga.*

*YAH: MALALAMIKO JUU YA SHAMBA LA NGORO LA BIBI WALBURGA*

*Ndugu,*

*Mimi ni Skolastika, mjukuu wa mwenye shamba lililotajwa hapo juu, na ndiye ninayelilima. Kamati ya kijiji chetu imemgawia shamba hilo mtu mwingine kwa sababu moja tu, kwamba halina mwanaume wa kulaza nyasi. Sababu hiyo si ya kweli na hata ingekuwa ya kweli si sababu. Shamba halijawahi kuachwa bila kulimwa. Majirani wote wa pande nne ni mashahidi, nao wanaweza kuulizwa bila mimi kuwepo.*

*Naomba ugawaji huo ufutwe, na mistari iliyolazwa na mtu asiyehusika iondolewe na yeye mwenyewe kabla wakati wa kupanda maharage haujapita.*

*Kamati imenitaka nilaze nyasi mbele yake ili ione kama ninaweza. Ninaweza, lakini sitakwenda. Nakuomba uiulize kamati swali moja kwa niaba yangu: katika wajumbe wake wote wenye mashamba, ni nani aliyewahi kuambiwa alaze watu wakiwa wamekaa wakimtazama kabla ya kuachiwa shamba lake? Akipatikana hata mmoja, nijulishwe jina lake, nami nitakuja kulaza baada yake.*

*Wako katika ujenzi wa Taifa,*
*Skolastika*